Nani Ajuaye Masika? Miaka Mia Tano ya Kutabiri Mvua na Pepo za Afrika Mashariki

Tarehe 24 Aprili 1498, merikebu tatu za Wareno ziling'oa nanga Malindi, zikashika njia ya Bara Hindi. Ndani yake alikuwamo rubani waliyempata kwa msaada wa mfalme wa Malindi, mtu aliyeijua bahari ile pamoja na majira yake. Haukupita hata mwezi mmoja. Tarehe 20 Mei Vasco da Gama alikuwa ameshafika nje ya Kalikuti.

Kurudi kulikuwa na habari nyingine. Da Gama hakuisubiri kaskazi. Aliiacha pwani ya Hindi mwanzoni mwa Oktoba, upepo ukiwa haujageuka sawasawa, na merikebu zikakutwa mara na shwari, mara na upepo wa mbisho. Ziliyumba baharini karibu miezi mitatu. Mabaharia walivimba fizi kwa kiseyeye, na watu wapatao thelathini wakafa katika kuvuka huko peke yake. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499, waliosalia hawakutosha kuziendesha merikebu zote, na baada ya siku chache moja yao, São Rafael, ilitiwa moto.

Bahari ilikuwa ile ile, na merikebu zile zile. Kilichobadilika ni tarehe. Nahodha yeyote wa Lamu, Mombasa au Kilwa angewaambia wangoje kaskazi itulie, kwa kuwa katika pwani hii kujua siku zijazo zitakuwaje lilikuwa jambo la uhai na mauti, karne nyingi kabla ya mtu yeyote kufungua ofisi ya utabiri.

Mwaka wa pwani umegawanywa na pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi na kuyaleta majahazi ya Maskati, Sur, Kuwait na Kachi. Kusi huanza kushika Aprili, na ndiyo iliyoyarudisha makwao na shehena za boriti, pembe na karafuu. Hata mwaka 1938 mambo yalikuwa hivyo. Mwishoni mwa mwaka huo baharia wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kuwait huko Aden, chini ya nahodha Ali bin Nasir al-Najdi. Walishuka na kaskazi hadi Unguja na delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, kisha wakapanda na kusi, na katikati ya mwaka 1939 walikuwa Kuwait.

Baina ya pepo hizo mbili kuna kipindi ambacho watu wa pwani hukiita tanga mbili, upepo usipokuwa na msimamo, leo ukitoka huku, kesho kule. Hapo ndipo masika yanapoingia. Jua linapovuka ikweta mwezi Machi likielekea kaskazini, ukanda mpana wa mawingu hulifuata, na pwani pamoja na sehemu kubwa ya bara hupata mvua hadi Mei. Ukanda huo ukirejea kusini, kati ya Oktoba na Desemba, huleta vuli. Katikati ya mvua hizo mbili zimepangwa kipupwe chenye baridi, mchoo wenye manyunyu, demani yenye upepo mwanana na chaka lenye joto kali. Kwa mpangilio huo mkulima alijua lini afyeke, lini achome na lini apande, na mvuvi alijua lini ayapandishe madau yake pwani kuyatia kalafati.

Ili kuyashika majira hayo, kalenda ya Kiislamu haikutosha. Mwaka wake hufuata mwezi na ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo Ramadhani huzunguka majira yote. Ndiyo maana mabaharia wa Bahari ya Hindi walitumia pia mwaka wa jua wenye asili ya Uajemi, unaoanzia siku ya Nairuzi. Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia aliyeandika kitabu chake kikuu cha elimu ya bahari karibu na mwaka 1490, alizitaja siku za kusafiri kwa kuhesabu tangu Nairuzi: siku ya mia na kadhaa ondoka bandari hii, ukipitisha siku fulani usithubutu.

Waswahili waliuhesabu mwaka huo kwa miongo, yaani siku kumi kumi. Miongo thelathini na sita hufanya siku 360, na siku tano za ziada hukamilisha 365. Edward Steere, mmisionari aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, aliieleza hesabu hiyo katika kitabu chake cha Kiswahili kilichochapwa mwaka 1870. Kwa maelezo yake, Siku ya Mwaka wakati huo iliangukia mwishoni mwa Agosti.

Leo Siku ya Mwaka husherehekewa Julai. Hakuna aliyeihamisha. Mwaka wa siku 365 usio na siku ya nyongeza hupungukiwa na takriban robo siku, hivyo kila baada ya miaka minne Nairuzi hurudi nyuma siku moja, na katika karne moja siku ishirini na tano. Zama za ibn Majid ilikuwa Novemba. Mtu aliyeshika kwa moyo mwongo ambao babu yake aliutumia kutweka tanga, bila kuurekebisha, angejikuta baharini karibu wiki mbili kabla ya wakati. Hesabu ya miongo iliwafaa mabaharia kwa sababu kila kizazi kiliilinganisha upya na pepo, maji na nyota.

Nyota iliyotegemewa zaidi na wakulima ni kilimia, kundi dogo linalopotea katika mwanga wa jua la magharibi kati ya Aprili na Mei na kuonekana tena alfajiri mwezi Juni. Wazee wa pwani walifundisha kwamba kilimia kikizama wakati wa mvua kitazuka kwa jua, na kikizama kwa jua kitazuka kwa mvua. Huo ni utabiri kamili. Una dalili, una muda, na mtu aweza kuukagua mwaka hadi mwaka.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, Siku ya Mwaka bado ina sehemu yake ya kutazama mbele. Kibanda cha makuti hujengwa, wanaume wa pande mbili hupigana kwa mabua ya migomba, kisha kibanda hutiwa moto na macho yote huelekezwa kwenye moshi, kwani upande unaokwenda moshi ndio unaosomwa kuwa ishara ya mwaka unaoanza.

Hata hivyo, lilikuwapo jambo moja ambalo hesabu hizo zote hazikuwa na nafasi yake. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Kisiwa kipo kama nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, na vimbunga vya Bahari ya Hindi kwa kawaida hupita mbali zaidi kusini, kuelekea Mauritius, Bukini na Msumbiji. Kumbukumbu za wazee hazikuwa na tukio la namna hiyo. Meli za Sultani Barghash, aliyekuwa ametawala kwa muda usiofikia miaka miwili, zilivunjwa bandarini pamoja na majahazi mengi. Mashambani, theluthi mbili hivi ya mikarafuu na minazi ya Unguja iling'olewa.

Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na hapo uchumi wa visiwa ukageuka. Mkarafuu hukua kwa miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, na upandaji mpya ulikuja wakati soko la watumwa la Unguja limefungwa kwa mkataba wa Juni 1873. Kwa hiyo upungufu wa karafuu ulizibwa na Pemba, kisiwa ambacho hadi leo ndicho kinachoongoza kwa zao hilo. Upepo wa siku moja ulipanga upya ramani ya mashamba ya visiwa hivi, na hakuna aliyepata ilani hata ya saa chache.

Vipimo vilianza kuenea katika miaka iliyofuata. Wamisionari, mabalozi na wenye mashamba waliweka vipimamvua uani. Wajerumani nao waliweka vituo vya kupima hali ya hewa katika koloni lao, na taasisi waliyoifungua Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902 ilihitaji takwimu za mvua kwa ajili ya mimea iliyofanyiwa majaribio.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kujirudia, na mpaka leo haijabadilika sana. Saa tatu kamili asubuhi mpimaji hutoka na daftari lake. Hulifungua kasha jeupe la mbao lenye pande za vibao vya kupitisha hewa na kusoma vipimajoto vilivyomo, chombo cha joto la kawaida, cha unyevu, cha kiwango cha juu na cha kiwango cha chini. Kisha hukiendea kipimamvua, hutoa chupa iliyomo, humimina maji katika kopo la kioo lenye mistari, huinama hadi jicho liwe sawa na uso wa maji, na kuandika milimita pamoja na nukta moja ya desimali. Kama haikunyesha, huandika sifuri. Sifuri hiyo ina thamani sawa na milimita sabini za mvua kubwa, kwa sababu siku isiyoandikwa haiwezi kujulikana baadaye kama ilikuwa kavu au kama mpimaji hakuwepo.

Mwaka 1929 vituo vya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja viliwekwa chini ya idara moja ya hali ya hewa yenye makao Nairobi. Mkuu wake wa kwanza, Albert Walter, alitoka Mauritius, kisiwa kilichokuwa kimezoea kuangalia vimbunga kwa muda mrefu. Msukumo mkubwa ulikuwa ndege. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilifikisha huduma yake Mwanza, na mwaka uliofuata ikafika Cape Town. Rubani wa ndege alitaka kujua mawingu ya Kisumu na ukungu wa nyanda za juu siku hiyo hiyo. Hivyo taarifa zikaanza kwenda kwa simu za upepo kutoka kituo hadi kituo, na kwa mara ya kwanza ikawezekana kuitazama mvua ya Afrika Mashariki yote kwa pamoja ikiwa bado inasafiri.

Mkulima hakuwa mlengwa wa kwanza wa huduma hiyo, na gharama ya kumsahau yeye na anachokijua ilionekana waziwazi Kongwa.

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe kukagua ardhi ya kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya kula, na mwaka uliofuata matrekta yakaanza kufyeka. Mpango ulikuwa wa ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ujumbe ule ulitumia wiki tisa tu kuzunguka nchi. Kongwa ipo ukingoni mwa Ugogo, nchi yenye msimu mmoja wa mvua usiotabirika, ambayo watu wake walikuwa bado wanaikumbuka Mtunya, njaa iliyoua maelfu mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake. Mgogo mtu mzima angeweza kuwaeleza jinsi mvua inavyoweza kuanza vizuri Desemba, ikakatika Januari mimea ikiwa shambani. Mvua ilikatika kweli, udongo wa mfinyanzi ukakauka na kushupaa hata karanga zisiweze kuchimbuliwa, na Januari 1951 mpango ukafutwa ukiwa umeshameza zaidi ya pauni milioni 35.

Kongwa haikuanguka kwa kukosa fedha. Ilianguka kwa sababu kumbukumbu ya mvua ya mahali pale haikuwa kwenye karatasi za kutosha, na ile iliyokuwa vichwani mwa wenyeji haikuulizwa. Pengo hilo, baina ya anayeandika utabiri na anayeishi na mvua, ndilo limekuwa udhaifu mkubwa wa kazi hii, na nchi zetu zimechukua nusu karne kuanza kuliziba kwa dhati.

Baada ya uhuru idara ile iliendelea kuwa ya pamoja chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, utabiri nao uligawanywa. Kenya ilibaki na makao ya Nairobi. Tanzania na Uganda zililazimika kujenga upya taasisi zao. Tanzania ilianza na Idara Kuu, ikaunda Wakala mwaka 1999, na sheria ya mwaka 2019 ikaufanya kuwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Mawingu hayakuijua mipaka hiyo. Mvua inayonyesha Bukoba imezaliwa katika ziwa la nchi tatu, na unyevu wa masika huletwa na bahari isiyo ya serikali yoyote.

El Niño ya 1997 na 1998 ndiyo iliyozirudisha nchi hizi mezani. Vuli iligeuka gharika, madaraja na reli vikasombwa, na homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo Kenya, Somalia na Tanzania. Februari 1998, Nairobi, wataalamu wa Pembe ya Afrika walifanya mkutano wao wa kwanza wa kukubaliana kuhusu utabiri wa msimu mmoja kwa eneo zima. Mikutano hiyo haijakoma. Huitishwa kabla ya kila msimu wa mvua chini ya kituo cha ICPAC cha jumuiya ya IGAD, na ule unaotangulia masika hufanyika kila mwanzo wa mwaka. Ndipo kila nchi hutoa mwelekeo wake, kwa lugha ambayo wasikilizaji wa redio wameizoea: mvua za juu ya wastani, za wastani, au chini ya wastani.

Masika ni magumu kutabiri kuliko vuli. Vuli hufuata kwa ukaribu joto la maji ya Pasifiki na tofauti ya joto kati ya mashariki na magharibi ya Bahari ya Hindi, na dalili hizo huonekana miezi kadhaa kabla. Masika hayana kamba moja ya kuyavuta. Huathiriwa sana na mawimbi ya mawingu yanayoizunguka dunia kando ya ikweta kwa siku thelathini hadi sitini, ambayo huleta wiki mbili za mvua nzito kisha wiki mbili za ukavu. Kwa hiyo mwelekeo wa miezi mitatu pekee haumtoshi mkulima wa Muheza au Bagamoyo. Anahitaji pia taarifa za muda mfupi zaidi. TMA huchapisha taarifa za kilimo za siku kumi kumi, kipimo kile kile cha mwongo alichokitumia nahodha, zikieleza mvua iliyopita, hali ya mazao, na kinachotarajiwa katika siku kumi zijazo.

Kuuliza wenyeji nako kumeanza. Huko Bunyore, magharibi mwa Kenya, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi vingi kwa kutabiri mvua kwa kusoma miti, ndege na wadudu katika misitu yao mitakatifu. Wakati wa ukoloni watu wa namna yao walihesabiwa kuwa wachawi. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, ICPAC na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya zilikaa nao, kila upande ukaleta utabiri wake, na mwishoni wakatoa tangazo moja kwa wakulima.

Tanzania, Ladislaus Chang'a wa TMA, ambaye mwaka 2023 alichaguliwa kuwa makamu mwenyekiti wa jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, alichapisha na wenzake mwaka 2010 utafiti uliofanyika Rungwe na Kilolo. Wakulima wa huko walieleza kwamba miti ya mihemi na mikwee ikitoa maua mapema na kwa wingi kati ya Julai na Novemba, msimu utakuwa mzuri. Mti ulioota mahali pamoja kwa miaka mingi hupokea unyevu wa ardhini na joto la hewa kila siku, na mkulima aliyeutazama tangu utotoni anazo takwimu zake kichwani.

Mafanikio ya kazi hii yote yanaweza kupimwa kwa vimbunga. Aprili 1952 kimbunga kiliingia Lindi, na Aprili 2019 wakazi wa Mtwara walitakiwa kuhama sehemu za mabondeni kabla ya kimbunga Kenneth, ambacho hatimaye kiliingilia Cabo Delgado. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. TMA ilikuwa imetoa tahadhari siku chache kabla, ikitaja mikoa, kasi ya upepo na urefu wa mawimbi. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa, na wavuvi wakaambiwa wasitoke. Mvua ilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi na kuharibu makazi, lakini safari hii watu wa pwani walijua kinachokuja, kinatoka wapi na kitafika lini.

Kazi iliyobaki inajulikana. Vituo vya kupima ni vichache mno kwa nchi pana namna hii, na kata nyingi hazina hata kipimamvua kimoja, ingawa kila kata ina shule yenye walimu na wanafunzi wanaoweza kusoma mistari ya kopo la kioo saa tatu asubuhi. Daftari za zamani za misheni na mashamba ya mkonge zinastahili kutafutwa na kuingizwa kwenye kompyuta kabla mchwa hawajazimaliza. Na wazee wanaojua kilimia, miongo na maua ya mihemi wanapaswa kuandikiwa maelezo yao kwa tarehe, kijiji na mwaka, ili mtaalamu wa Dodoma aweze kuyalinganisha na mvua iliyonyesha kweli mahali pale.